Anayepita Korogwe Ajue Anapita Wapi

Mabasi ya Moshi na Arusha yakifika Korogwe husimama. Abiria wanashuka kuchimba dawa na kutafuta cha kutia tumboni, wauza machungwa wanainua mifuko ya wavu hadi kwenye madirisha, konda anagonga ubavu wa gari, na safari inaendelea. Muulize abiria huyo jioni amepita wapi, atakutajia Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo na Same, basi, kama mtu anayehesabu mahali pa kunyooshea miguu. Lakini mgusie miji ya Italia, utaona anavyochangamka. Venisi anaijua, pengine tangu shuleni, kwa kuwa Mwalimu Nyerere alituletea Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Roma anaijua kwa Juliasi Kaizari, tafsiri ya Mwalimu huyohuyo ya mwaka 1963. Anajua kwamba watu husafiri maelfu ya kilomita kwenda huko kutazama kuta, madaraja na viwanja vya kale, na haoni ajabu, maana kwa maoni yake kule ndiko historia iliko. Leo nataka kubishana na maoni hayo. Ninachosema ni hiki: mji huwa wa kihistoria pale wenyeji wake wanapoamua kwamba jambo fulani lililotokea mahali fulani halitasahauliwa, wakalichunguza mpaka wakalithibitisha, wakalitilia alama, wakalilinda na kumsimulia kila anayefika. Umri wa mawe unasaidia, lakini hautoshi na wala si lazima. Kwa kipimo hicho Korogwe na Handeni zina historia ya kuwatosha wageni wa miaka mingi. Uamuzi ndio haujafanywa.

Tuchukue Verona, mji wa kaskazini mwa Italia wenye watu kama 255,000, uliokaa kwenye kona ya Mto Adige. UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, mwaka uleule ulipoingia Mji Mkongwe wa Zanzibar. Mgeni akifika Verona hupelekwa kwenye uwanja wa Arena, uliojengwa na Warumi katika karne ya kwanza, akavushwa daraja la Ponte Pietra, kisha akaingizwa uani kwenye nyumba inayoitwa ya Juliet. Kwa kutazama haraka utadhani ni hazina iliyojikalia yenyewe tangu enzi. Ukichunguza, kila kimoja kina mkono wa watu wa juzi. Sehemu kubwa ya ukuta wa nje wa Arena iliangushwa na tetemeko la ardhi la mwaka 1117. Kimebaki kipande chenye matao manne tu, na mawe yaliyoanguka watu wa Verona wenyewe waliyabeba wakajengea nyumba zao. Daraja la Ponte Pietra lililipuliwa na jeshi la Wajerumani lililokuwa likikimbia mwezi Aprili 1945. Watu waliotoka vitani, mji wao umebomolewa na mabomu, wangeweza kumwaga zege wakapata daraja jipya la kupitia na maisha yakaendelea. Badala yake waliyaopoa mawe ya zamani kutoka mtoni, wakayapanga upya, na mwishoni mwa miaka ya 1950 daraja likasimama tena kwa mawe yake. Mtalii anayepiga picha pale leo anapiga picha ya daraja la Warumi, ni kweli, lakini lisingekuwapo kama si uamuzi wa watu ambao wajukuu zao bado wako hai.

Na nyumba ya Juliet ina mafunzo makubwa zaidi. Juliet hakuwahi kuishi. Ni mtu wa hadithi, na mwandishi wa Kiitalia Luigi da Porto ndiye aliyeiweka hadithi hiyo Verona karibu mwaka 1530; Shakespeare aliipokea baadaye akaifanya tamthilia, na hakuna ushahidi kwamba aliwahi kukanyaga Italia. Nyumba yenyewe ni ya kale kweli, lakini ilikuwa ya ukoo wa Dal Cappello, na watu waliihusisha na hadithi kwa sababu jina hilo linakaribiana na Capuleti, ukoo wa binti huyo katika masimulizi. Serikali ya mji iliinunua mwaka 1905. Mwishoni mwa miaka ya 1930 msimamizi wa makumbusho ya mji, Antonio Avena, akaikarabati ifanane na kile ambacho wageni walitazamia kukiona, na hapo ndipo kilipopachikwa kile kibaraza cha ghorofani ambacho dunia nzima inakijua. Jiwe lake lilitolewa kwenye jeneza la kale la mawe. Chini uani pana sanamu ya shaba ya msichana. Wageni wana desturi ya kulishika titi lake la kulia wakiamini linaleta bahati katika mapenzi, na mikono imekuwa mingi kiasi kwamba shaba ilichakaa mpaka ikapasuka, ikabidi mwaka 2014 sanamu ya asili iingizwe ndani na nakala isimamishwe mahali pake. Sitetei alichofanya Avena, na nitarudi kwenye suala hilo. Ninachouliza kwanza ni hiki: ikiwa watu wanavuka bahari kwenda kushika sanamu ya binti asiyewahi kuzaliwa, tuna sababu gani ya kuamini kwamba mahali walipoishi, walipokimbilia na walipofia watu wa kweli hapana mvuto?

Tuje Korogwe. Mto unaopita hapa wenyeji wanauita Ruvu, na ramani zinauita Pangani. Usiuchanganye na Ruvu ya Mkoa wa Pwani. Wasafiri wa karne ya 19 waliopanda bonde hili waliacha maandishi juu ya vijiji vilivyojengwa visiwani katikati ya mto, Korogwe ikiwa miongoni mwake. Katika zama za uvamizi na biashara ya utumwa maji yalikuwa ndiyo boma, na asiyetakiwa hakuvuka. Mwaka 1857 Richard Burton na John Speke walilipanda bonde hili wakienda Vugha kumwona Kimweri ye Nyumbai, mtawala wa Usambara, kabla hawajaanza ile safari yao ya maziwa makuu iliyowapa sifa. Ikaja reli. Njia ya Tanga ndiyo ya kwanza kujengwa katika koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki. Ilianza mwaka 1893, ikafika Muheza 1896, kampuni iliyokuwa ikiijenga ikaishiwa fedha, serikali ya Ujerumani ikaichukua mwaka 1899, na mwaka 1902 ndipo ikaingia Korogwe. Ikawa hapo ndipo mwisho wa reli mpaka ilipofika Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911. Mzigo uliotoka bara kichwani na mgongoni mwa wapagazi ulitua hapa ukapandishwa behewani, na mji ukakua kwa mwendo huo.

Lakini kama ningeombwa kuchagua mahali pamoja tu katika wilaya nzima, ningechagua Mnyusi, kituo ambacho wasafiri wengi hawalijui hata jina lake. Wajerumani walijenga reli mbili zisizojuana, moja ya Tanga na nyingine ya kutoka Dar es Salaam kwenda Kigoma. Waingereza waliiunganisha ile ya Tanga na reli ya Kenya kupitia Kahe na Voi, kwa sababu hivyo ndivyo masilahi yao yalivyotaka, na nchi hii ikabaki na kaskazini inayotazama Mombasa kuliko inavyotazama mji mkuu wake yenyewe. Mwaka 1963, miaka miwili tu baada ya Uhuru, ilikamilika njia ya yapata kilomita 188 kutoka Ruvu ya Pwani, kwenye Reli ya Kati, hadi Mnyusi. Pale ndipo nchi iliposhonwa. Treni ya abiria iliyorudishwa Desemba 2019 kati ya Dar es Salaam na Moshi, baada ya kimya cha zaidi ya miaka 20, inapita juu ya mshono huo. Katika nchi nyingine watoto wa shule wangepelekwa mahali kama hapo kwa zamu, wasimame kwenye makutano ya njia, waoneshwe kwa kidole: huku Tanga, huku Moshi, huku Dar es Salaam, na huu ni mwaka 1963.

Ukipanda kutoka Korogwe kwenda Handeni, kilomita 65 ambazo siku hizi ni lami, unaingia katika nchi ya masimulizi makubwa zaidi. Wilaya ya Kilindi ilikuwa sehemu ya Handeni mpaka mwaka 2002, na katika milima ya Nguu ndiko alikotoka Mbega, mwindaji wa nguruwe mwitu ambaye ukoo wake ulikuja kuitawala Usambara yote. Tunamjua kwa kirefu kwa sababu Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, aliyewahi kumtumikia mtawala Semboja, aliandika Habari za Wakilindi, kitabu kilichochapwa kwa sehemu kati ya mwaka 1895 na 1907 katika kiwanda cha wamisionari wa Magila, Muheza. Ni mojawapo ya kazi kubwa za mwanzo za historia zilizoandikwa kwa Kiswahili. Humo tunasoma jinsi Mbega alivyohesabiwa kuwa kigego kwa kuota meno ya juu kwanza, jinsi ndugu walivyomkataa, jinsi alivyofanya urafiki na mtoto wa mkubwa wa Kilindi, na jinsi mtoto huyo alivyokufa wakiwa mawindoni pamoja, Mbega akalazimika kutoroka usiku na mbwa wake. Njia aliyoipita inakatiza ardhi ya Wazigua hadi milimani. Na Mazinde, iliyo leo Wilaya ya Korogwe kando ya barabara kuu, ndipo Semboja mwenyewe alipoweka makao yake ili ashike misafara ya biashara iliyotoka Pangani kwenda Kilimanjaro. Kwa hiyo tuna kitabu, tuna njia, tuna majina ya mahali. Verona ilianza na vichache kuliko hivyo.

Kuna jambo jingine la Handeni ambalo kwangu linazidi yote kwa uzito. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 njaa kali iliipiga Uzigua, watu wakajiweka rehani na kuuza jamaa zao kwa wafanyabiashara wa pwani ili wapone, na wengi wakapelekwa hadi Somalia kulima mashamba ya wengine. Huko kundi moja lilitoroka likaingia misitu ya bonde la Mto Juba. Masimulizi yao yanamtaja mwanamke aliyewaongoza, aitwaye Wanakhucha. Wakaishi humo, wakalima, wakapigana kuilinda ardhi yao, na katika karne ya 20 Waitalia, waliokuwa watawala wa Somalia ya Kusini, wakawafanyisha kazi kwa nguvu katika mashamba makubwa ya ndizi na pamba. Kumbe Italia hii tunayoisafiria kwa mawazo iliwahi kukutana na watoto wa Handeni, ila walikutanishwa na mjeledi. Vita vya Somalia vilipolipuka mwaka 1991, baadhi yao walikimbilia mahali ambapo mababu zao waliwaambia ndiko kwao. Walipokelewa Mkuyu, Handeni, na baadaye, kuanzia mwaka 2003, wakahamishiwa makazi ya Chogo. Wengi wamepewa uraia wa Tanzania. Walikuja wakisema Kizigua. Zaidi ya karne moja na nusu ughaibuni, na bado mzee wa Handeni aliweza kumsalimu mgeni akaitikiwa kwa lugha ya nyumbani. Hakuna jiwe hapo, hakuna tao wala kibaraza. Lakini niambie ni mji gani wa Italia wenye kisa cha kurudi nyumbani kinachoshinda hicho.

Yapo mengine ambayo nitayagusa tu. Mwezi Juni 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yaliteka Korogwe, na siku chache baadaye Handeni. Wajerumani walikuwa wametandika reli nyembamba ya matoroli kutoka Mombo hadi Handeni ili kuhamishia shehena upande wa Reli ya Kati. Daktari wa jeshi la Waingereza, Francis Brett Young, alichapisha kitabu juu ya safari hiyo ya kivita mwaka 1917, Marching on Tanga, hivyo msomaji wa London ameijua njia ya Handeni kwa zaidi ya miaka 100. Na upo mkonge, ulioletwa na Richard Hindorf mwaka 1893 kutoka Florida, miche 62 ikapona katika 1,000 iliyotumwa. Ngombezi, Magunga, Mwelya na Kwashemshi ni majina yaliyosimama juu ya jasho la manamba waliochukuliwa kutoka Kigoma, Songea, Njombe na nje ya mipaka, hasa baada ya wenye mashamba kuunda ofisi iitwayo SILABU mwaka 1944 ili wawasake wafanyakazi mbali. Ukikuta Korogwe mtu mwenye jina la Kiha au la Kingoni ambaye babu yake amezikwa hapohapo, umekuta sehemu ya historia hiyo ikitembea.

Sasa nisikilize upande wa pili, maana wapo wenye hoja nzito. Wa kwanza watasema: Verona ina Arena ya miaka 2,000 inayoonekana kwa macho, sisi tutamwonesha mgeni nini, tuta la reli na kichaka? Hoja hii ina ukweli nusu. Jicho linapenda kitu. Lakini hao hao wanasahau kwamba vitu vyetu vinavyoonekana vinapotea kwa sababu hata sheria haijavikumbatia. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayahesabu kuwa kumbukumbu moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Yaliyojengwa baadaye hayalindwi mpaka waziri atangaze. Piga hesabu uone: reli ya Tanga ni ya 1893, mkonge 1893, stesheni ya Korogwe 1902, matoroli ya Handeni ni ya vita vya 1914, makutano ya Mnyusi 1963. Karibu kila kitu kilichoujenga mji wa Korogwe tunaoujua kimezaliwa upande usiofaa wa mwaka huo. Reli ya zamani ikiuzwa vyuma chakavu, ghala la mkonge likivunjwa ili matofali yakauzwe, aliyefanya hivyo anaweza asiwe amevunja sheria yoyote. Watu wa Verona nao walibeba mawe ya Arena. Tofauti ni kwamba siku moja walikoma. Halmashauri zetu zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo, na Idara ya Mambo ya Kale ipo ya kupelekewa maombi ya kutangaza. Hiyo ndiyo njia ya kukoma.

Wa pili watasema kipaumbele ni maji, zahanati na madawati, na aliyeko Handeni anajua maana ya kutafuta maji kiangazi. Nakubaliana nao, na sitathubutu kumwambia mama anayeamka alfajiri na ndoo kwamba asubiri kibao cha kumbukumbu kwanza. Ila hoja hii hudhani kwamba vitu hivi vinagombea shilingi moja. Kibao cha bati na nguzo mbili, maandishi yaliyohakikiwa na walimu wa historia, na vijana watatu waliofundishwa kusimulia, havifikii gharama ya kuchimba hata kisima kimoja kirefu. Na tazama mapato yanayotupita mbele ya pua. Tayari kuna maelfu ya watu wanaosimama Korogwe bila kuitwa na mtu. Kazi iliyo ngumu kuliko zote katika utalii, ya kumfikisha mgeni mahali, barabara kuu imekwisha kuifanya bure. Abiria akipata sababu ya kulala usiku mmoja, akaenda Mnyusi asubuhi, akala kwa mama lishe mchana, akanunua kikapu cha ukindu jioni, fedha hiyo inabaki kwa watu walewale wanaohitaji maji na zahanati. Sisemi Korogwe itakuwa Verona kwa mapato. Nasema tunapoteza hata kile kidogo kilichotufuata.

Wa tatu wana uchungu, na hao nawaheshimu kuliko wote. Watauliza: mnataka tuwatukuze Wajerumani waliojenga reli kwa jasho letu, Waingereza waliopita na bunduki, na mabwana wa mkonge? Tujivunie njia za watumwa? Jibu langu ni kwamba kumbukumbu isiyosimuliwa na mwenyewe husimuliwa na mwingine. Kitabu cha Brett Young kipo, na ni simulizi ya mwanajeshi wa upande mmoja. Makumi ya maelfu ya wapagazi waliokufa kwa njaa, malaria na kuhara katika vita hivyo, upande wa Waingereza na upande wa Wajerumani, hawakuacha vitabu. Bagamoyo haikutukuza utumwa ilipozitunza alama zake, na anayeingia kwenye vyumba vya chini pale Mkunazini, Unguja, hatoki akimsifu mfanyabiashara. Hutoka kimya. Kambi ya manamba ikitiwa alama, aliyekumbukwa ni namba, yaani mtu aliyekuja na kandarasi asiyoweza kuisoma, akakata majani yenye miiba tangu alfajiri. Bwana shamba alishajengewa sifa zake zamani.

Wa nne wanaogopa kufanikiwa, na sikudhani ningewaunga mkono kwa kiasi hiki mpaka nilipoyatazama mambo ya Venisi. Mwaka 1951 mji wa kale wa Venisi ulikuwa na wakazi wapatao 175,000. Mwaka 2022 walishuka chini ya 50,000. Nyumba zimegeuzwa za kupangisha wageni, maduka ya mkate yamekuwa ya vinyago, na tarehe 25 Aprili 2024 mji ulianza kumtoza euro 5 mgeni anayekuja asubuhi na kuondoka jioni, katika siku maalumu za msongamano, ili angalau kupunguza wimbi. Mji ulihifadhiwa, wenyeji wakaondoka. Handeni haina haja ya kuvuka bahari kuliona tatizo hili, maana tangu Juni 2022 kijiji cha Msomera kimepokea familia za wafugaji zilizotolewa Ngorongoro, eneo linalotembelewa na wageni kuliko karibu mahali pengine popote nchini. Serikali imesema wamehama kwa hiari. Mashirika ya haki za binadamu yameipinga kauli hiyo. Vyovyote iwavyo, Handeni ni mahali ambapo mtu anaweza kuuliza, kwa haki kabisa, urithi unahifadhiwa kwa ajili ya nani. Kwa hiyo nasema wazi: mpango wowote utakaoanza kwa kuwahamisha watu wa Chogo, wavuvi wa Ruvu au wenye vibanda vya stesheni ili mandhari ipendeze, upingwe tangu siku ya kwanza. Watu hao ndio urithi wenyewe. Mgeni wa kwanza tunayemlenga ni mtoto wa darasa la tano wa Korogwe, wa pili ni abiria wa basi, na Mwitalia akija baada ya hao, karibu sana.

Limebaki suala la Avena na kibaraza chake, nililoahidi kulirudia. Mtu anaweza kusema: kama uongo umeilisha Verona, nasi tujenge pango la Mbega popote, tuweke mbwa wa saruji na simba wa rangi. Hapana. Verona ilibebwa na Shakespeare, ambaye tayari alikuwa akisomwa dunia nzima. Sisi tukibuni hatuna wa kutubeba, na siku mtafiti mmoja akitufichua, hata ya kweli hayataaminika. Zaidi ya hapo, Abdallah bin Hemedi aliandika kwa kukusanya habari kwa waliozijua, na kumtia chumvi mtu kama huyo ni kumvunjia heshima. Mahali ambapo wazee wanatofautiana, kama wanavyotofautiana Wazigua na Wasambaa juu ya mambo kadhaa ya Mbega, kibao kiandike kauli zote mbili. Msomaji mtu mzima anaweza kubeba kauli mbili.

Kazi ya kuanza nayo ni ya haraka kuliko vibao, na haihitaji bajeti ya halmashauri. Mtu aliyekuwa kijana wa miaka 20 katika shamba la mkonge mwaka 1963, akaiona treni ya kwanza ikigeuka Mnyusi kwenda Dar es Salaam, leo amepita miaka 80. Waliobaki wanahesabika, kila kijiji kinawajua kwa majina, na wengi wanakaa barazani mchana kutwa bila kuulizwa lolote. Walimu wa historia wa sekondari za Korogwe na Handeni wana wanafunzi wenye simu zinazorekodi sauti. Likizo ya Juni mwanafunzi apewe mzee mmoja, maswali kumi yaliyoandaliwa vizuri, na maelekezo ya kutaja tarehe, mahali na majina kadiri mzee anavyokumbuka. Kanda ziwekwe nakala shuleni na nyingine maktaba ya mkoa, Tanga. Mzee aulizwe alifikaje shambani, alilipwa kiasi gani, alilala wapi na wangapi chumba kimoja, nani walikufa na wamezikwa upande gani wa shamba. Swali hilo la mwisho lisisahauliwe, kwa sababu makaburi hayo hayana majina, na wazee hao ndio ramani pekee iliyobaki.